Shilingi Mia Mbili

Wiki ya kwanza tulimwambia: saa mbili, shambani.
Tukangoja chini ya mikorosho ya Naliendele
mpaka umande ukatulowesha suruali, ukakauka,
na Profesa Ruan Peiwen akatokea saa nane kasoro dakika kumi, jua la mchana,
kofia ya ukili kichwani, daftari kifuani,
anajisifu kidogo kwamba kawahi.

Tulicheka. Yeye hakucheka.
Alichora miduara miwili mchangani, akahesabu kwa vidole.
"Kumbe nyinyi mnaanza kuhesabu jua linapotoka."
"Ulitaka tuanze usiku wa manane," Nankoma akamwuliza,
"nani yuko macho?"
Hilo nalo akaliandika.

Aliandika kila kitu, mwanamke yule.
Ubwiri unga, kwa jina letu na kwa jina lake.
Salfa kiasi gani, asubuhi ya upepo gani.
Kwamba bibo halitupwi, hukamuliwa,
na maji yake yakilala siku mbili hubadili jina na tabia.
(Hilo la uraka aliligundua mwenyewe, Jumamosi moja;
Jumapili hakuonekana.)

Naye akatufunza kubebesha kikonyo
kwa kisu chembamba kama jani la mchaichai:
vuta pumzi, kata, usirudie.
Akatufunza *ma*, na *ma*, na *ma*, na *ma*,
mama, katani, farasi, matusi.
Mimi wa Kiswahili nilimtukana mama mara tatu.
Nankoma wa Newala alizidaka zote.
"Hata Kimakonde," alisema, "sauti ikipanda, neno linahama nyumba."

Siku ya kumuaga tulichanga.
Saa ya ukutani, fremu ya mpingo,
fundi wa Mikindani aliichonga wiki mbili.
Makofi, sambusa, soda.
Profesa akaifungua, akawa mweupe kama salfa,
akatabasamu kwa midomo tu.
Kisha akafungua pochi,
akanitia kiganjani sarafu ya mia mbili,
akanikunja vidole kimoja kimoja.
"Nainunua," alisema.

Zawadi hainunuliwi.
Makofi yalikatika kama redio iliyoishiwa betri.
"Katulipa," Nankoma alinong'ona, "kama tumemuuzia mchicha."
Niliitupa ile sarafu kwenye droo, pamoja na kisu kilichovunjika ncha,
na barua pepe zake nikazijibu kwa mstari mmoja mmoja,
miaka miwili.

Zamu yangu ikaja: miezi minne Danzhou, kisiwa cha Hainan,
mvua na mabweni na wali asubuhi.
Usiku mmoja nikasimulia kisa hicho kama mzaha.
Kijana Haoyu akasimamisha vijiti hewani.
Akaandika maneno mawili kwenye karatasi ya kufutia mikono,
sura mbalimbali, sauti ile ile:
kumpa mtu saa,
kumsindikiza mtu kaburini.
"Dawa yake ni sarafu," alisema. "Ukilipa hata senti,
umenunua. Hakuna aliyekuombea kifo."

Sikulala vizuri.
Nilikuwa namwona pale ukumbini,
ameshika mazishi yake kwa mikono miwili, na fremu ya mpingo,
anatafuta chenji haraka
ili sisi tusiwe wachawi.

Kesho yake nikabisha hodi ofisini kwake.
Nje, Danzhou, ilikuwa saa nane mchana.
Ukutani, saa yetu. Mishale inasema saa tatu.
Si saa yao, si ya Mzungu.
Saa tatu asubuhi ya Naliendele,
hesabu ya jua,
watu ndio wanatoka shambani kutafuta chai na muhogo.

Alisimama. Hatukujua nani aanze.
Nikatoa mfukoni ile mia mbili, simba wawili upande mmoja,
nikaiweka mezani.
"Saa ilikuwa elfu arobaini," nikamwambia. "Bado tunakudai."

Na hapo, Profesa Ruan Peiwen,
miaka miwili na miduara miwili baadaye,
akacheka.